Msumeno wa Kuni Usiupasulie Mbao

Leo hatutazungumza juu ya mbegu wala mbolea. Leo tutazungumza juu ya mashine moja ambayo imeingia vijijini kwa kasi, inapendwa na inaogopwa. Nayo ni msumeno wa mnyororo, ule ambao wengi wetu tunauita chensoo.

Swali tunalotaka kulijibu ni hili: Je, msumeno wa ukubwa wa kati, si ule mdogo kabisa wala ule mkubwa wa wapasua mbao, ni mashine ya kuaminika? Ukinunua kwa fedha yako ya tumbaku, utakaa nao miaka, ama utakufia mikononi?

Kabla sijajibu, nataka niwasimulie jambo nililoliona kwa macho yangu.

Miaka michache iliyopita, wakati wa kiangazi, nilifika katika kijiji kimoja cha Mishamo. Nilikaribishwa nyumbani kwa mzee mmoja mkulima wa tumbaku. Tulikaa barazani, tukaletewa maji, tukaongea habari za mvua na bei. Nilipoinua macho nikaona juu ya kichanja kitu kimefunikwa gunia, na mpini wake umejitokeza. Nikamwuliza, "Mzee, ile si chensoo?"

Mzee akacheka kidogo, lakini cheko lake halikuwa la furaha. Akasema, "Mwanangu, ile ni maiti. Tumeshindwa tu kuizika."

Basi akanieleza. Walikuwa wakulima sita. Baada ya mauzo ya tumbaku walichanga fedha, wakanunua msumeno mpya wa ukubwa wa kati. Shabaha yao ilikuwa kukata kuni za mabani, kuni za nyumbani, na kuondoa visiki na magogo shambani. Misimu miwili mashine ilifanya kazi bila kuwasumbua hata siku moja. Kuni ambazo zamani mtu alizipiga kwa shoka wiki nzima, sasa zilikwisha kwa siku moja. Wote sita wakafurahi.

Msimu wa tatu akaja mpwa wake mzee. Akasema, "Mjomba, niazimeni mashine wiki tatu, nipasue mbao za mninga. Nitawalipa." Wakakubali, maana fedha haimchukizi mtu. Zilipokwisha wiki tatu, mashine ilirudi imekaa kimya. Ukivuta kamba, kamba inakuja laini kama kuvuta uzi kwenye maji. Haina nguvu ndani.

Hapo ndipo ugomvi ulipoanza. Wenzake wakamlaumu mzee kwa sababu ya mpwa wake. Mpwa akasema mashine ni bandia. Wengine wakasema aliyewauzia ndiye mwizi. Ulipofika msimu wa kukausha tumbaku, watu sita waliokuwa wakila pamoja walirudi kila mmoja na shoka lake, na salamu zikawa za mbali.

Nikaomba ruhusa niifungue. Tukautoa mfuniko, tukafungua bomba la moshi, nikamulika ndani kwa tochi. Pistoni ilikuwa imechubuka kwa mistari mirefu, na silinda imekwaruzwa vilevile. Chujio la hewa lilikuwa limejaa vumbi la mbao. Mapezi ya silinda, yale yanayopitisha upepo wa kupoza, yameziba kabisa. Mnyororo nao ulikuwa butu kama kisu cha kukatia sabuni.

Sasa, ndugu mkulima, nani mwenye makosa hapo? Tuifikirie pamoja taratibu.

Kwanza tuielewe mashine yenyewe. Misumeno hii huhesabiwa kwa ukubwa wa injini, kwa kipimo kilekile cha cc mnachokijua kwenye pikipiki. Misumeno ya ukubwa wa kati ni ile ya kama cc 50 hadi 60. Lakini humo humo katika ukubwa huo kuna makabila mawili, na hapo ndipo wengi tunapopotea. Tuchukue mfano. Kiwanda cha Stihl cha Ujerumani kinatengeneza msumeno uitwao MS 291, wenye cc 55.5. Kiwanda hicho hicho kinatengeneza mwingine uitwao MS 362, wenye cc 59. Ukivisikia vipimo hivyo utasema ni mtu na ndugu yake. Lakini wa kwanza umetengenezwa kwa ajili ya mkulima, na wa pili kwa ajili ya mkata miti ambaye kazi yake ni hiyo asubuhi mpaka jioni.

Tofauti iko wapi? Iko ndani. Katika msumeno wa mkata miti, injini imeshikwa na mwili wa chuma chepesi kiitwacho magnesi, ambao unavumilia joto na kishindo. Katika msumeno wa mkulima, injini imekaa ndani ya mwili ambao sehemu yake kubwa ni plastiki ngumu. Si plastiki mbaya. Ni plastiki imara, na ndiyo inayofanya bei iwe nafuu. Lakini haikutarajiwa kukaa katika joto kali siku nzima, mwezi mzima. Kingine, msumeno wa mkata miti hufunguka upesi zaidi mikononi mwa fundi.

Kwa hiyo usidanganywe na mtu anayekuambia, "Hii ni cc 55, inafanya kila kazi." Punda na ng'ombe wa plau wanaweza kulingana urefu, lakini huwezi kuwafunga nira moja.

Haya. Turudi kwa wale wazee sita. Nilichukua kijiti, tukapiga hesabu pale chini kwenye mchanga. Na wewe, ndugu msikilizaji, chukua kalamu kama unayo.

Tangi la petroli la msumeno wa kati linachukua karibu nusu lita. Kila familia, kwa makisio yao wenyewe, ilitumia tangi mbili kwa wiki katika wiki 12 za kuandaa kuni. Mbili mara 12 ni tangi 24. Familia ni sita. Sita mara 24 ni tangi 144. Hiyo ndiyo kazi ya msimu mzima wa familia zote sita.

Mpwa yeye alipasua mbao tangi nane kwa siku, siku sita kwa wiki, wiki tatu. Nane mara 18 ni ngapi? Ni 144.

Wazee wakatazamana. Yaani kazi ya msimu mzima wa watu sita imefanywa na mtu mmoja kwa siku 18.

Lakini ngojeni kwanza, jambo haliishii hapo. Mashine ile ilikuwa imekwisha maliza misimu miwili ya tangi 144, na haikufa. Basi kwa nini ife katika tangi 144 za tatu? Wingi wa kazi peke yake haukuiua. Iliuawa na aina ya kazi.

Sikilizeni tofauti. Ukikata kuni unakata gogo kwa upana. Mnyororo unazama, nusu dakika gogo limekatika. Unaachia mafuta, unasogeza gogo, unajifuta jasho, unamwita mtoto asogee mbali. Wakati huo injini nayo inapumua na kupoa. Ukipasua mbao unakata gogo kwa urefu. Gogo la mita mbili na nusu halina nusu dakika. Injini inalia kwa nguvu zake zote dakika baada ya dakika, na ukimaliza ubao mmoja unaanza mwingine palepale. Mninga wetu si mti laini, na ukikatwa kwa urefu hutoa vumbi jembamba sana. Vumbi hilo linaziba mapezi ya kupoza, na linalopenya kwenye chujio bovu linasugua pistoni kama tupa.

Tena mnyororo wenyewe haukuwa wa kazi hiyo. Mnyororo wa kuni, meno yake hunolewa kwa mshazari wa nyuzi kama 30. Mnyororo wa kupasulia mbao hunolewa karibu na mraba, nyuzi kama 10 tu. Ukipasua mbao kwa mnyororo wa kuni, unailazimisha mashine ivute kama mtu anayelima kwa jembe la mpini uliovunjika.

Nikamwita yule mpwa naye aje tuzungumze. Akaja, kijana mwenye adabu. Nikamwuliza, "Oili ya kuchanganya na petroli ulipata wapi?" Akasema, "Nililetewa kutoka ziwani, kaka. Ile ya mashine za mitumbwi."

Hapo hadithi ikakamilika. Oili ya mashine za mitumbwi imetengenezwa kwa injini zinazopozwa na maji ya ziwa. Chensoo haina maji, inapozwa na upepo tu, na joto lake ni kali zaidi. Oili ile ikipata joto hilo haiwezi kuilinda pistoni inavyotakiwa. Siku 18 za kupasua mbao kwa oili ile, mapezi yameziba na mnyororo ni butu. Hata msumeno wa bei ghali ungelalamika.

Kwa hiyo mashine haikuwa bandia. Aliyewauzia hakuwaibia. Mpwa hakuwa mhuni, hakujua tu. Na wazee nao hawakujua walichonunua. Walinunua mashine ya kuaminika kwa kazi moja, wakaiazimisha kwa kazi nyingine.

Basi jibu la swali letu ni hili: Msumeno wa kati wa mkulima ni wa kuaminika kabisa kwa kuni. Kwa kazi ya kila siku ya kulipwa si wake, na kwa kupasua mbao usiuguse.

Sasa tuseme unataka kununua. Ufanyeje?

Kama unahitaji kuni za nyumbani tu, za mama kupikia, huhitaji kununua chensoo. Shoka na msumeno wa mkono vinatosha, au kodi mwenye mashine siku moja kwa mwaka.

Kama una bani la tumbaku, una mikaratusi au mijohoro uliyopanda, na unasafisha shamba, nunua msumeno wa kati wa mkulima. Upanga wake, yaani ile bapa ya chuma ambayo mnyororo unaizunguka, uwe wa inchi 16 au 18. Usivutwe na upanga mrefu. Upanga mrefu kwenye injini ndogo ni mzigo. Na ni vizuri mkinunua kwa kikundi, mradi muwe na mapatano.

Kama wewe ni fundi wa kukata magogo kwa malipo, kila siku, mwaka mzima, nunua ule wa mkata miti, hata kama cc ni zilezile. Utaona bei ni kubwa. Lakini piga hesabu ya tangi kama tulivyofanya. Mashine ya bei nafuu ukiinunua mara mbili si nafuu tena.

Na kama kazi yako ni kupasua mbao, hapo lazima upande juu zaidi, cc 70 na kuendelea, kama ule MS 381 wenye cc 72.2, pamoja na mnyororo wa kupasulia. Lakini kabla hujafika huko nenda ofisi ya Wakala wa Huduma za Misitu, TFS, ya wilaya. Uliza juu ya kibali cha kuvuna, uliza juu ya kuandikisha msumeno, na uliza kama upasuaji huo unaruhusiwa mahali hapo. Sheria ya Misitu ya mwaka 2002 haimtazami mkataji peke yake. Vifaa vilivyotumika katika kosa navyo hukamatwa. Kwa hiyo usimwazime mtu chensoo yako mpaka umeona kibali chake kwa macho yako. "Kibali ninacho nyumbani" si kibali.

Jambo jingine la kuuliza dukani ni vipuri. Usiulize bei ya mashine tu. Uliza: mnyororo upo? Plagi ipo? Chujio la hewa lipo? Kamba ya kuwashia ipo? Nani fundi wake Mpanda mjini? Mashine nzuri isiyo na vipuri ni pambo la kichanjani, kama lile la mzee.

Sasa nieleze matunzo, maana hata mashine ifaayo hufa kwa kukosa matunzo. Nayo ni mambo matano.

Kwanza, mchanganyiko. Tumia oili ya injini za mipigo miwili zinazopozwa kwa upepo. Misumeno mingi ya siku hizi inataka sehemu moja ya oili kwa sehemu 50 za petroli. Maana yake lita tano za petroli kwa mililita 100 za oili. Usikadirie kwa macho. Nunua bomba la sindano la mililita 20 duka la dawa, vuta mara tano, hiyo ni 100. Kama kitabu cha mashine yako kinasema moja kwa 25, basi vuta mara kumi. Na petroli iliyochanganywa isilale zaidi ya mwezi mmoja.

Pili, usikate kwa mnyororo butu. Utajuaje? Tazama unga. Mnyororo mkali hutoa vipande kama chenga za mahindi. Mnyororo butu hutoa vumbi kama unga wa muhogo. Ukiona vumbi wakati unakata kwa upana, zima, chukua tupa ya duara, noa. Kila ukijaza tangi, pitisha tupa mara mbili tatu kwa kila jino. Na gogo lililoburutwa kwenye mchanga libanduliwe magamba kwanza, maana mchanga hula meno.

Tatu, oili ya mnyororo. Ina tangi lake peke yake, na kila ukijaza petroli ujaze na hiyo. Wengi hutia oili chafu iliyomwagwa kutoka kwenye gari. Oili hiyo ina unga wa chuma ndani yake, nao unakula upanga na pampu. Tia oili safi.

Nne, kila jioni safisha chujio la hewa na mapezi ya silinda. Brashi ya mswaki wa zamani inatosha. Ni kazi ya dakika kumi.

Tano, mtumiaji awe mmoja au wawili waliofundishwa, wala si kila mwenye mikono. Hili linanipeleka kwenye jambo kubwa kuliko fedha.

Ndugu mkulima, pistoni inauzwa dukani. Mguu hauuzwi. Ncha ya juu ya upanga ikigusa gogo wakati mnyororo unazunguka, msumeno unaruka nyuma kuelekea usoni kwako, tena upesi kuliko unavyoweza kufikiri. Kwa sababu hiyo mashine ina breki mbele ya mpini. Kama breki haifanyi kazi, hiyo mashine usiiwashe. Vaa viatu vigumu, kinga macho na masikio. Usikate peke yako porini. Usiinue msumeno juu ya mabega. Watoto wakae mbali, na kabla mti haujaanguka uwe umekwisha chagua njia ya kukimbilia. Na ukiwa umechoka, zima. Magogo hayakimbii.

Nimalizie kwa kuwakumbusha mlikotoka. Mishamo ilipofunguliwa mwaka 1978 kwa ajili ya ndugu waliokimbia Burundi mwaka 1972, kila familia ilipewa hekta tano, na hekta zenyewe zilikuwa pori la miyombo na mitundu. Wazee waliyafungua mashamba yale kwa shoka, panga na jembe. Mti mmoja uliweza kumchukua mtu siku nzima, na kwa hiyo mtu alifikiri kwanza kabla ya kuuangusha. Leo chensoo inauangusha kwa dakika chache. Kazi imekuwa nyepesi, lakini kufikiri kusiwe kwepesi. Majirani zenu wa vijiji nane vya wilaya hii ya Tanganyika, Katuma na Mwese vikiwamo, wanalipwa fedha za hewa ukaa kwa kuutunza msitu wao wa milima ya Ntakata uendelee kusimama. Kwa hiyo chensoo yako ikate miti uliyoipanda wewe, na kila ukikata panda mingine.

Mtauliza, wale wazee sita waliishiaje? Walikaa kikao chini ya mwembe. Mpwa alikubali kulipa nusu ya silinda na pistoni mpya, na wenye mashine wakalipa nusu, kwa sababu walikiri kwamba waliazimisha bila kuuliza. Halafu wakanunua daftari la shule. Kila anayechukua mashine anaandika jina, siku, tangi ngapi, na kazi gani. Ukurasa wa kwanza mzee aliandika kwa mkono wake mwenyewe: "Kuni tu. Mbao hapana." Nilipopita tena mwaka uliofuata, gunia lilikuwa limetolewa kichanjani, na wale watu sita walikuwa wanakula sahani moja.

Basi, ndugu mkulima, ukienda dukani usiulize tu, "Mashine gani ni nzuri?" Mwambie muuzaji kwanza kazi utakayoifanya, na tangi ngapi kwa wiki. Ukishasema hayo, jibu utalipata.